Masikio ya Jenerali

Hakuwahi kuvaa magwanda hata siku moja, lakini mtaa mzima ulimwita Jenerali. Kazi aliyostaafu nayo ilikuwa kupiga chapa. Ujana wake wote aliumalizia kando ya mitambo inayotema magazeti, na risasi pekee aliyowahi kuishika ni ile iliyoyeyushwa kutengenezea herufi.

Jina lilikuja na lori. Lilikuwa lori la jeshi la magurudumu sita, kuukuu kuliko ndoa yake, alilolikuta kwenye yadi ya vyuma chakavu likiwa limeotwa na kichaka pale palipokuwa na injini. Siku alipolifikisha nyumbani likivutwa kwa mnyororo, mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalizunguka lote, kisha akasimama mbele ya mumewe.

"Kwa hiyo leo umeniletea mke mwenza."

"Mke mwenza gani huyu, hana hata taa za mbele?"

"Ndiyo maana namwonea huruma. Kaja kipofu, na mume mwenyewe ndiye wewe."

Aliyapokea masihara hayo kwa kucheka tu, kwa kuwa sababu ya kulileta lori hilo ilikuwa ngumu kuisema. Alipokuwa mtoto mto ulifurika, ukaimeza barabara na nusu ya nyumba za kwao. Yeye na mama yake walikuwa juu ya meza, maji yakiwalamba miguu, lori kama hilo lilipokuja likilipasua tope taratibu. Askari mmoja akamnyanyua kama mzigo wa kuni na kumtupa nyuma, chini ya turubai. Alikumbuka harufu ya lile turubai, na mngurumo wa injini uliopanda kutoka kwenye mbao hadi kifuani mwake. Tangu siku hiyo, sauti ile kwake ilikuwa na maana moja: tumepona.

Miaka ikapita akilifufua lori hilo kipande kwa kipande. Boliti zilizogoma alizilowesha kwenye dizeli mpaka zikalegea. Injini aliinunua kutoka lori jingine bovu la aina hiyo. Breki alizitoa kwenye gari jingine na kuzichonga hadi zikakubali. Mkewe, aliyeapa hatamgusa mke mwenza hata kwa kidole, ndiye aliyeshona turubai jipya, akivunja sindano baada ya sindano na kulaani kila moja kwa jina lake. Injini ilipowaka mara ya kwanza, moshi ulijaa uani, nguo zote zilizokuwa kwenye kamba zikalazimika kufuliwa upya, na wawili hao wakacheza pale pale katikati ya moshi, yeye na ovaroli lake lenye grisi, mkewe na kanga yake safi ya kwendea harusini.

Jenerali alikuwa fundi wa masikio. Hakuwa na vipimo vya maana. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, kisha akasema, "Vali ya nyuma inagonga," au, "Kabureta inanyimwa hewa," na akifungua, ndivyo ilivyokuwa. Ndiyo maana masikio yalipoanza kumsaliti, aliyafichia siri kama mtu anavyomfichia siri ndugu mlevi.

Kelele za ile mitambo ya magazeti zilikuwa zimemla masikio polepole. Mwanzoni alilalamika kwamba watu wa siku hizi wanaongea kama waliotafuna pamba. Baadaye majibu yake yakaanza kupishana na maswali. Mkewe akipaza sauti kutoka jikoni, "Chumvi imekwisha!" yeye hujibu, "Mvi? Zako au zangu?" Wajukuu walidhani babu ana vichekesho. Bibi yao hakucheka sana. Alikuwa ameajiriwa maisha yake yote kwenye mtambo wa simu, akiunganisha watu wasioonana, na kutokana na pumzi tu aliweza kujua kama anayepiga analeta habari ya msiba au anatafuta mchumba. Alijua mumewe hasikii. Alingoja aambiwe.

Hakuambiwa. Asubuhi moja Jenerali alilitoa lori kinyumenyume kuelekea getini. Mkewe alikuwa nyuma, ameinama na beseni la nguo. Alisikia lori linakuja, akaita. Akaita tena kwa sauti ya juu, kisha akapiga kelele ambazo majirani wa pande zote walizisikia. Lori halikusimama. Alijirusha pembeni, akaangukia kwenye maua, na gurudumu likapita juu ya beseni na kulilaza bapa kama karatasi.

Jenerali alisimama kwa sababu alihisi mtikisiko. Aliposhuka alimkuta mkewe amekaa chini, kiwiko kinavuja damu, majani ya maua yamejaa kichwani.

"Nilikuita," alisema mkewe.

Aliuona mdomo wake ukicheza. Akapiga magoti. "Sikusikia, mke wangu. Sisikii." Akarudia mara nyingi, kama mtu aliyefunga neno kinywani muda mrefu na sasa hawezi kulizuia.

Binti yao, ambaye ni nesi, alimpeleka hospitali. Akapewa vifaa vya kuvaa masikioni. Vilimsaidia kusikia watu, hasa wakikaa mbele yake na kusema mmoja mmoja. Lakini alipowasha injini, sauti zote ziligeuka uji mmoja. "Ni kama mtu anakaanga vitunguu ndani ya kichwa changu," alimwambia binti yake. Akalizima lori, akalifunika, akafunga kamba za turubai kwa mafundo ya mtu asiyekusudia kufungua tena. Akawa anakaa barazani akigeuzageuza kikombe cha chai mpaka chai inapoa.

Kisha akaja mnunuzi wa vyuma chakavu. Jenerali ndiye aliyemwita. Yule bwana alikuwa ameshaanza kugongagonga chesisi kwa nyundo ndogo, mke wa Jenerali alipotoka ndani.

"Karibu, mwanangu. Unatafuta nini?"

"Nimeitwa na mzee, mama. Kuhusu hili lori."

"Aa. Sasa mwanangu, huyu ni mke mwenza. Mke mdogo haondoki kwenye nyumba hii bila ruhusa ya mke mkubwa. Kunywa chai, kisha uende salama."

Mnunuzi alimtazama Jenerali. Jenerali hakuwa amesikia kitu, lakini aliujua ule msimamo wa mkewe, mikono kiunoni, kichwa upande. Akamwashiria yule bwana akae anywe chai.

Walipobaki wawili, mama alivuta kiti na kukaa mbele yake, magoti yakigusana, ili amwone mdomo vizuri.

"Nifundishe kumsikiliza," alisema.

"Nani?"

"Huyo wa kwako. Wewe una mikono. Mimi nina masikio, na tangu nistaafu hayana kazi ila kusikia umbea wa jirani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, baba."

Jenerali aligeuka kulitazama lori. Alipomgeukia tena, macho yalikuwa yamelowa. "Utachafuka," alisema.

"Nimechafuka tangu siku nilipokubali posa yako."

Basi wakaanza. Alimpa bisibisi ndefu, akamwonyesha jinsi ya kuweka ncha kwenye chuma na mpini sikioni, jinsi mafundi wanavyosikiliza moyo wa injini. Mara ya kwanza mama aliruka. "Maskini! Kelele zote hizi anazibeba peke yake?" Hakuwa na maneno ya kifundi, kwa hiyo alitumia yake. Silinda ya kwanza, alisema, inaongea kama karani wa benki. Ya pili na ya tatu ni mapacha. Ya nne inataka kukohoa lakini inaona haya. Jenerali akafungua ya nne: plagi ilikuwa imeshika masizi. Akaisafisha, akairudisha, wakawasha.

"Sasa?"

Mama akasikiliza, uso wake ukafunguka. "Sasa imekohoa, imemaliza."

Siku zilivyokwenda, wakajijengea lugha yao. Yeye hulaza kiganja juu ya kifuniko cha injini na kuhisi mtetemo, mkewe husikiliza na kumtajia usoni, taratibu, anachokisikia. Hawakukubaliana kila mara. Siku moja walinuniana mchana kutwa kwa ajili ya mlio ambao mama aliuita filimbi na Jenerali alishikilia kwamba haupo. Ulikuwepo. Ulitoka kwenye fanibelti, ule mkanda wa feni, naye akaomba radhi kwa kumchemshia chai, ambayo aliisahau kuitia sukari.

Wapenzi wa magari ya kale walikuwa na desturi ya kukutana kwenye uwanja wa ndege usiotumika tena, nje ya mji. Kila mwaka Jenerali alisema atakwenda, na kila mwaka kulikuwa na kifaa kimekosekana. Safari hii walikwenda. Mama alikaa kiti cha abiria, kiganja kwenye goti la mumewe. Akiligonga mara moja, gia imechoka, badilisha. Akilikwaruza kwa kucha, kuna honi nyuma, sogea pembeni. Kiganja kikitulia, twende. Kwenye mlima mrefu injini ilianza kumisi, ikikatakata mlio. Kabla mkono wa Jenerali haujahisi lolote, goti lilishagongwa, akasimama kando, akakaza waya uliolegea, wakaendelea.

Uwanjani watu waliwazunguka. Mzee mmoja mwenye mkongojo, askari mstaafu, aliomba kupanda nyuma. Wakamsaidia. Alikaa chini ya turubai, injini ikinguruma, akilipapasa lile benchi la mbao kama mtu anayetafuta mahali alipowahi kuandika jina lake. Aliposhuka alimshika Jenerali mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema maneno mengi. Jenerali hakuyapata hata moja, na hakumgeukia mkewe amsaidie. Aliitikia kwa kichwa tu, hakuuachia ule mkono mpaka mzee mwenyewe alipouondoa.

Wakati wa kurudi, jua likiwa limeshuka, kiganja cha mama kilizidi kuwa kizito. Jenerali alipotupa jicho, alimkuta amelala, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeegemea mlango unaotikisika. Barabara ilikuwa tupu. Akapunguza mwendo mpaka lori likawa linatambaa, akatoa koti lake kwa mkono mmoja, akalikunja na kulisogeza chini ya shavu la mkewe.

Binti yao aliwafungulia geti akiwa amefura kwa hasira. "Jamani, mbona mmechelewa hivi? Lori limeharibika?"

Jenerali aliuona mdomo wake, akaelewa. Akaweka kidole midomoni, akamwonyesha mama aliyelala, na akaliingiza lori uani taratibu sana.