Niliirudisha Nyuma Mno

Kompyuta ya shangazi yangu wa Isevya ilianza kugoma baada ya kuwekewa programu mpya. Nikajitolea kuitengeneza, mimi ninayejiita fundi kwa sababu najua kubadilisha picha ya kioo.

"Nitairudisha ilivyokuwa wiki iliyopita," nikamwambia. "Mafaili yako hayataguswa."

"Humo mna sauti ya marehemu babu yako, anasimulia baba yake alivyobeba mizigo ya misafara hadi pwani. Umeinakili pembeni kwanza?"

"Ondoa shaka, shangazi."

Flashi ilikuwa mfukoni. Niliona uvivu tu kuitoa, na uvivu ule naujutia mpaka leo.

Ningechagua tarehe ya wiki iliyopita, yangeisha. Badala yake nikabonyeza palipoandikwa kufuta vyote na kuanza upya, nikidhani kinachofutwa ni hitilafu. Nikaiacha ikijiandaa, nikaaga kifua mbele.

Ijumaa baada ya swala, ukoo mzima ulikusanyika kumsikiliza babu. Shangazi akawasha kompyuta. Kioo kikaandika: "Karibu. Chagua lugha."

Shangazi akanigeukia akitabasamu.

"Babu yako alisimulia kwa Kinyamwezi, mwanangu. Mbona hapa sikioni?"