Tulivyogombana kumsajili winga aliyesusa timu yake hapa Durban

Wakuu, heshima kwenu.

Nimefuatilia ubishi wenu huko juu, kama klabu imchukue mchezaji aliyegombana na timu yake au imwache na mdomo wake. Nimeona nilete ya kwangu. Siongezi chumvi, maana sehemu kubwa ya aibu humu ni yangu mwenyewe.

Mimi ni Mbongo wa Tanga, huu mwaka wa nne nipo Durban. Kazi yangu ni kupanga malori yanayopakia kwenye ghala moja la Clairwood. Jumapili ni katibu wa timu yetu ya mtaani Cato Manor, nusu Wabongo, nusu Wakongo.

Msimu huu tulifika nusu fainali ya mashindano ya timu za wageni, mara ya kwanza tangu timu ianzishwe. Shida ikawa moja, winga wetu wa kulia aliumia goti. (Winga wa mpira, siyo wale madalali wa Kariakoo.)

Kocha wetu, Papa Élie, Mkongo mtu mzima anayeendesha lori la bandarini, akasema anamjua kijana anaitwa Trésor. Anatengeneza simu mjini, ana miezi saba tu hapa, na mbio anazo. Ila timu yake ya zamani, ya Wakongo watupu, ilikuwa imeachana naye vibaya. Habari mtaani zilisema kasusa.

Nahodha wetu Bakari, Mbongo mwenzangu, akawaka. Akatuwekea voice note ambayo Trésor alimtumia nahodha wake wa zamani, ilishazunguka kwenye magroup yote.

"Kapitene, munisikie. Mumenitosha. Bon, iko sawa, muniache tu."

Bakari akasema, "Mmesikia? Mtu anamwambia nahodha wake mmenitosha! Yaani nimewachoka! Na sisi atatuchoka lini, dakika ya ngapi?"

Hata mimi niliisikia hivyo hivyo. Papa Élie alicheka, akasema "mambo ya bavijana hayo," akaendelea kumtetea kwa mbio zake. Hakuna aliyemuuliza anacheka nini.

Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Kocha anamtaka, nahodha hamtaki, kura ya tatu ni yangu. Siku nzima simu hazikukoma. Bakari aliniambia waziwazi kwamba huyo mtu akituharibia, lawama nitazibeba mimi.

Saa kumi na moja na nusu nikamwandika jina.

Niseme ukweli, sikumwandika kwa moyo mweupe. Nilijiambia nitamweka jicho, akileta za kuleta tu namfyeka. Kwa hiyo nilimsajili huku nikimsubiri akosee.

Jumapili ikafika. Saa nne asubuhi Papa Élie akapiga simu, kakwama kwenye foleni ya malori bandarini, hajui atatoka lini. "Katibu, weye njo utashika timu leo," akasema.

Mechi ilianza saa nane. Upepo mkali, watu wamejaa pembeni, mavuvuzela hayaachi mtu asikie hata mawazo yake. Tukafungwa mapema. Trésor akawa anamkimbiza beki wao wa kushoto mpaka yule jamaa akashika kiuno. Dakika ya thelathini na kitu akapiga krosi, Bakari akaweka kichwa. Moja moja.

Half time nikawapa maneno wote, kisha nikamfuata Trésor. Nilitaka kumpa moyo. Nikamshika bega nikamwambia, "Trésor, kipindi kimoja kimekutosha, yule beki kwisha habari yake."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Sawa, kaka."

Refa akapiga filimbi ya kurudi. Kugeuka, namwona Trésor amevua jezi, kaiweka kwenye benchi, kakaa kifua wazi.

Wakuu, damu ilinipanda! Mechi moja moja, nusu fainali, watu mia wanatuangalia, na huyu mtu kavua jezi. Bakari akapiga kelele kutoka katikati ya uwanja, "Si nilisema! Si nilisema mimi!"

Hapa muelewe kitu kimoja. Timu yetu ina jezi chache. Anayetoka anavua, anayeingia anavaa ile ile. Ndiyo utaratibu wetu, na Trésor tulimweleza siku ya kwanza tu. Siku hiyo haukunijia kichwani hata chembe. Niliona mtu anasusa, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakisubiri.

Nikaikwapua ile jezi, nikamtupia mchezaji wa akiba, nikampa refa jina la anayeingia. Kisha nikamgeukia Trésor, mbele ya benchi zima, nikamwambia, "Toka hapa. Kumbe ulikotoka walikujua!"

Akavaa shati lake, akabeba begi, akaondoka polepole.

Mama Furaha, Mkongo, mke wa golikipa wetu, ndiye anayeshika begi la dawa na kukanda waliotegua miguu. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale. Akanivuta mkono.

"Katibu, unamufukuza juu ya nini? Si weye njo ulimwambia unamutosha?"

"Nimemwambia kinamtosha, mama. Yaani anaweza."

Akashika kichwa. "Aee! Kwetu kutosha ni kuondoa. Mutu anatosha viatu, anatosha nguo. Weye ulimushika bega, ukasema kipindi kimoja kimemutosha. Mutoto akatosha maillot yake, akangojea nani anaingia."

Na ile voice note ikanirudia yote. Mumenitosha, kumbe mumeniondoa. Hakuwachoka. Walimfuta kwenye timu, na yeye akawajibu kwa upole kwamba sawa, wamwache.

Miaka minne nakaa na Wakongo. "Iko" naijua, "njo" naijua, nikajiona mtaalamu.

Nikamkimbilia refa, mzee mmoja wa Kizulu asiye na utani. Nikamweleza ni makosa, niliyemtoa arudi. Akatikisa kichwa, "Eish, bhuti, out is out." Yaani ndugu yangu, aliyetoka katoka.

Tukafungwa la pili dakika za mwisho, upande ule ule wa kulia. Hata sikulitazama vizuri.

Baada ya mechi Trésor nilimkuta barabarani karibu na robot, yaani taa za barabarani, bado anangoja taxi ya mjini, Jumapili huwa chache. Nikamwomba msamaha. Nikamweleza lile neno kwetu lina maana gani, kwamba nilikuwa namsifia. Akasikiliza mpaka mwisho, na hata akatabasamu.

Kisha akasema, "Ile ya kutosha ni luga, kaka. Nimeelewa, na ile sina kasirani. Lakini ile ingine ulisema, ulikotoka walikujua... ile haikukuwa ya luga."

Taxi ikaja, akapanda.

Wakuu, nilibaki pale nimesimama kama mjinga, kwa sababu hilo halina mkalimani. Kila Mbongo na kila Mkongo pale uwanjani alilielewa vilevile, na nililisema nikijua ninachosema.

Jumatatu nikawaandikia wote kwenye group kwamba kosa lilikuwa langu, siyo lake. Bakari naye akaomba radhi, na kwa Bakari hilo ni jambo. Papa Élie alimfuata dukani mara mbili. Trésor alimpa kiti, akamtengenezea na simu yake, lakini mpira akasema basi. Hachezi kwetu, wala kwa mwingine yeyote.

Kwa hiyo mnaponiuliza kama timu isajili mchezaji mwenye kinyongo, mimi nasema kwanza muulizeni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kilichotokea huko alikotoka. Sisi tulibishana wiki nzima juu ya kinyongo cha Trésor, na hakuwa nacho. Alikipata kwetu, na aliyempa ni mimi.

Naendelea kumpigia. Anapokea, ananiita kaka, tunaongea mambo ya kazi. Nikigusa mpira anasema ana mteja.

Waliowahi kumpoteza mtu namna hii, mlimrudishaje? Wa kunisema pia mniseme hapa hapa, nipo nasoma.