Mgongo wa Gauni la Mshindi

Pasi ya makaa ikipita juu ya satini mpya hutoa harufu ya moto na sabuni kwa pamoja. Juzi niliinusa nikipita karibu na duka la fundi mmoja, nikasimama njiani nikicheka peke yangu. Harufu hiyo ni ya nyumba ya Tata Wambeti, na ni ya uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema nikiwa mtoto.

Tata, yaani dada yake mama, alikuwa mshonaji huko Runyenjes, na televisheni yake ilikaa karibu na cherehani. Siku ya tuzo za filamu ilikuwa sikukuu kwetu. Kituo kilizirudia Jumapili mchana, nasi tulitoka kanisani mbio bila kusalimia watu. Filamu zenyewe hatukuwa tumeona hata moja. Hilo halikutuzuia kuwa na watu wetu, kuwachukia wengine bila sababu, na kubana pumzi bahasha ikifunguliwa.

Mwaka mmoja kulikuwa na kazi. Igoki, nesi wa pale mjini, alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na Jumapili ya tuzo alikuwa kwenye zamu hospitalini. Alimwambia Tata, "Nishonee kama ya mshindi. Yeyote atakayeshinda."

Kamera hupita haraka, kwa hiyo Tata alitugawia gauni vipande vipande. Binamu yangu Wawira alipewa mikono na kola. Kaka yake Njeru alipewa upindo, akanung'unika kwamba hiyo ni kazi ya wasichana, lakini macho yake hayakutoka sakafuni mwa ule ukumbi wa tuzo. Mimi nilipewa mgongo.

"Mgongo ndio kanisa lote litaangalia, mami," Tata aliniambia. "Usicheze nao."

Nilijitahidi, msinione mzembe. Lakini waigizaji walitujia uso kwa uso saa nzima, wakitabasamu, na migongo haikuonekana. Ilibidi nimngoje mshindi apande jukwaani. Bahasha ikafunguliwa, jina likatajwa, ukumbi ukasimama. Papo hapo, kwenye pembe ya kioo cha televisheni, nikamwona mwigizaji aliyeikosa tuzo. Alikuwa akipiga makofi kuliko wote, akitabasamu, na kidevu chake kilitetemeka. Sikuweza kumwacha. Nilipokumbuka kazi yangu, mshindi alikuwa ameshatugeukia na kushika maikrofoni.

Kesho yake jioni Igoki alikuja na kitambaa. Wawira akaeleza mikono, Njeru akaeleza upindo mpaka akaambiwa imetosha. Kisha Tata akanigeukia, penseli mkononi.

"Na mgongo ulikuwa aje?"

"Ulikuwa umefungwa hadi shingoni," nikasema. "Na vifungo vidogo vidogo mpaka huku chini."

"Vingapi?"

"Ishirini na sita."

Tata akaandika bila kuinua kichwa. Wiki tatu nilimtazama akivifunika vifungo hivyo kwa satini, kimoja kimoja, na kila kimoja kilinichoma. Siku ya harusi nilikaa benchi ya nyuma nikimwomba Mungu Igoki asikutane kamwe na mtu aliyetazama zile tuzo. Lakini alipopiga magoti mbele ya mchungaji, wanawake walinong'ona kwa kusifu mpaka kwaya ikageuka. Mwaka uliofuata maharusi wanne walimjia Tata wakitaka mgongo huo huo.

Nilishakuwa mtu mzima nilipoitafuta ile hafla kwenye simu. Mshindi alipanda ngazi polepole, na mgongo wake ulikuwa wazi kabisa, kutoka shingoni hadi kiunoni. Nilicheka, kisha nikakumbuka jambo. Tata alikuwa ameketi kando yangu siku ile, na enzi hizo alitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Nikampigia. "Tata, uliuona ule mgongo?"

"Si niliuona! Nikasema leo nimekwisha. Mgongo uchi kanisani, ningemwambia nini mamake Igoki?"

"Na mbona hukuniambia? Nimekuwa na hatia miaka yote hii, nikidhani nilikudanganya."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi kumdanganya Igoki singeweza, uso wangu husema. Lakini nilikuona ukimtazama yule aliyekosa, machozi yamekujaa. Nikajua mgongo hukuuona, kwa hiyo nikakuuliza mbele ya Igoki ili ubuni wako. Nikajua pia mtoto wa roho kama hiyo hawezi kumvisha mtu aibu."