Kalamu Chini ya Kikwembe

Baba yangu alikuwa karani kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo watu waliiona kalamu yake pale tu alipokuwa anaandika. Makarani wenzake walichomeka zao kwenye mfuko wa kifuani, juu ya lile koti lisilo na tai ambalo serikali ilitaka wanaume wote walivae, kando ya beji ya chama, ili mtu awaone kwa mbali na ajue kwamba wamesoma. Ya baba ilikaa kwenye mfuko wa suruali, upande wa kulia.

"Kalamu ya kifua iko ya kila mutu," alikuwa akisema. "Chef, mukubwa wa kazi, anapita, anaichomoa, anasaini, anaenda nayo. Utamukimbilia nyuma?"

Siku niliporudi nyumbani kwetu mtaa wa Mangobo na cheti changu cha ualimu, hakunipa hongera. Alikisoma chote, pamoja na maandishi madogo ya chini, kisha akatia mkono mfukoni, akaitoa ile kalamu na kuiweka mezani kando ya sahani yangu ya lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Ilikuwa kalamu ya wino, nyeusi, yenye pete ya njano kiunoni, ya kujazwa kwa kuizungusha mkia. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka mwaka ule, na ofisini walikuwa wamemwambia apumzike. Mimi nilikuwa nimejua hilo. Sikujua kwamba alikuwa ameacha kabisa kuandika.

Alinifundisha kuibeba kabla hata ya kunifundisha kuijaza. Ncha ielekee juu siku zote. Kifuniko ukizungushe mpaka kikatae, kisha ukiache, usikilazimishe. Isikae pamoja na funguo. Ukitoka nyumbani iwe imejaa kabisa au iwe tupu kabisa. Ikiwa nusu, joto la paja linavimbisha hewa iliyomo ndani, na hewa inausukuma wino nje. Na mfuko uwe mwembamba, ushonwe kando kando ya mshono wa suruali, ili ukikaa kalamu isimame pembeni ya paja na isilale kwenye nyonga. "Ikilala pale," alisema, "siku moja utainama kufunga kiatu, utasikia *ka!* Na itakuwa imekwisha."

Nilisikiliza yote. Kisha nikamuuliza, "Papa, mimi mufuko yangu iko wapi?"

Akakiangalia kikwembe changu, kitenge nilichojifunga kiunoni. Tukacheka wote wawili. Mama hakucheka.

Kwa wasioijua miaka ile, niseme tu kwamba mwanamke wa Zaire hakuruhusiwa kuvaa suruali. Wala sketi fupi, wala nywele za bandia. Tuliambiwa kwamba huo ni uigaji wa wageni na kwamba mwanamke halisi anavaa kikwembe. Nilikipenda kikwembe, na mpaka leo nakipenda. Lakini kikwembe hakina mfuko. Waliotunga ile amri walikuwa na mifuko minne kwenye koti na mitatu kwenye suruali, na nadhani hakuna hata mmoja kati yao aliyejiuliza mwalimu wa kike ataweka wapi kalamu.

Nilipangiwa shule ya ng'ambo ya mto unaopita mjini kwetu, darasa la tano. Kila asubuhi nilishuka ufukoni na kuvuka kwa mtumbwi. Mkurugenzi wetu, mwalimu mkuu, alitaka daftari la mahudhurio na madaftari ya alama yaandikwe kwa wino, bila kufutwa. Kwa hiyo kalamu ilivuka nami kila siku.

Kwanza niliiweka kwenye mkoba. Wiki ya pili askari mmoja pale ufukoni aliufungua mkoba wangu, akapekua, akaitoa kalamu. Alijaribu kuandika kwenye kiganja chake bila kufungua kifuniko. Wenzake wakamcheka. Akaona haya, akaitia mfukoni mwake.

"Panda mutumbwi, mwalimu," akaniambia. "Utachelewa."

"Nitachelewa," nikamjibu, na nikakaa juu ya gogo palepale mbele yake.

Mitumbwi miwili iliondoka. Wa tatu ukaondoka. Wanawake wachuuzi kutoka Yanonge waliokuwa wanashusha samaki wakaanza kuuliza kwa sauti, kwa Lingala, kwa nini mwalimu amekaa chini kama mtu aliyefiwa. Niliwajibu kwa sauti pia. Askari alivumilia mpaka mtumbwi wa nne, kisha akaitupa kalamu mapajani mwangu kana kwamba imemuunguza.

Sikuiweka tena kwenye mkoba. Niliiingiza kwenye blauzi, upande wa ndani. Nilikuwa nimesahau habari ya wino kuwa nusu. Nilifundisha asubuhi nzima huku doa la buluu likipanuka kifuani mwangu, na watoto arobaini walilitazama doa badala ya ubao. Nilisikia unyevu, nikajua, nikaendelea kufundisha. Niliwaambia: "Mumeliona. Sasa muangalie ubao." Wakaangalia ubao. Lakini nilipofika nyumbani jioni nililia kwa hasira, na hasira ikanipeleka kwenye sanduku la nguo kuukuu za baba.

Nilichukua suruali yake ya kijivu. Nilikata miguu yake juu kidogo ya magoti na kuikaza kiuno. Mama alinikuta na sindano mkononi.

"Weye mutoto, unapenda wakufunge?"

"Itakaa chini ya kikwembe, mama. Nani atafunua?"

"Watafunua. Hao wanafunua kila kitu." Akamgeukia baba. "Bon, muambie kitu mutoto wako!"

Baba aliinuka polepole kutoka kitini. Nilidhani ataninyang'anya ile suruali. Akaiokota chaki yangu juu ya meza, akapiga magoti mbele yangu, yeye mtu mzima, na kwa mkono ule uliotetemeka akachora mistari miwili kando ya mshono wa paja. "Hapa," alisema. "Upana wa vidole viwili, hapana zaidi. Na urefu upite kalamu kwa kidole kimoja." Kisha akanyanyuka kwa kushika meza. Mama aliingia jikoni na kufunga mlango.

Karibu miaka miwili nilivaa suruali ile chini ya kikwembe. Zilikuwa mbili za kubadilishana nikifua, kwa sababu baba alinipa na ya pili. Nilijifunza kukaa kwenye mtumbwi kwa kutanguliza nyonga ya kushoto. Nilijifunza kuichomoa kalamu kupitia pale kikwembe kinapokutana, haraka, huku nimewageuzia watoto mgongo kana kwamba nasoma ubao. Haikuvuja tena hata mara moja.

Walinikamata siku ya upepo. Mvua ilikuwa inakuja, mto umechafuka, na pale ng'ambo vijana wa chama walikuwa wamesimama kwenye ngazi ya udongo wakikagua mavazi ya wanawake wanaoshuka. Mtumbwi ulipogonga ukingo niliruka, upepo ukachukua ncha ya kikwembe, na kila aliyekuwa pale akaona kitambaa cha kijivu juu ya goti langu.

"Pantalo!" mmoja akapiga kelele, kama aliyeona nyoka. "Mwalimu iko na pantalo!"

Walitupeleka wawili kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa. Mwenzangu alikuwa mwanamke wa makamo, muuza mkaa, aliyekamatwa kwa sababu ya nywele za bandia. Walikuwa wamekwisha kumvua zile nywele, na alikuwa amejifunika kichwa kwa viganja viwili. Nikafungua kitambaa changu cha kichwa nikampa. Alikifunga bila kunitazama.

Ofisa alikuwa mwanaume mnene, mwenye sauti ya upole iliyoniogopesha kuliko kelele za wale vijana. Alichukua karatasi na kuanza kuandika huku akisoma: "Mimi, citoyenne, mwananchi, nakubali kwamba nimevaa pantalo kwa kuiga desturi za wageni na kwa kudharau..." Hapo kalamu yake, ya kawaida, ya plastiki, ikakauka. Akaipulizia. Akaikuna kwenye ukingo wa meza. Akamtuma kijana mmoja chumba cha pili, kijana akarudi mikono mitupu.

"Nani iko na stilo hapa?"

Vijana wakapapasa mifuko yao mitupu. Nilijua kwamba nikinyamaza tutakaa pale mpaka jioni, na darasa langu lilikuwa peke yake. Lakini kusema kweli haikuwa hiyo iliyonifanya nizungumze. Ni lile neno, kudharau.

"Mimi niko nayo," nikasema. "Lakini itabidi niichukue kwenye pantalo."

Vijana wakacheka. Ofisa hakucheka. Nikatia mkono pale kikwembe kinapokutana, nikaitoa, nikafungua kifuniko. Akanyoosha mkono.

"Hapana, chef. Hii imezoea mukono yangu. Mutu mwingine akiandika nayo, ncha inaharibika. Mimi ndiye nitaandika."

"Alors andika vile nakuambia."

"Nitaandika vile ilikuwa. Maana ni mimi nitaweka saini."

Mvua ilianza kupiga mabati. Niliandika kwa mwandiko wa ubaoni, mkubwa, ili hata mtoto asome: kwamba mimi ni mwalimu wa darasa la tano, kwamba Serikali inanidai daftari lililoandikwa kwa wino, kwamba kalamu ya wino huvuja kwenye blauzi na huchukuliwa kwenye mkoba, kwamba kikwembe, ambacho nakiheshimu na ambacho nimekivaa leo, hakina mfuko, kwa hiyo nimeshona mfuko, na suruali iliyobaki ipo tu ili kuushika huo mfuko. Nikaweka saini.

Ofisa akasoma. Akasoma tena. Yule muuza mkaa alikuwa ananitazama sasa.

"Na yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Mwalimu, andika na yangu."

Ofisa akafungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuvuta karatasi nyingine. Aliniambia, nami nikaandika, kwamba aliugua homa mwaka uliopita, nywele zikaanguka zote, na wateja walikuwa wanamkimbia wakidhani ana ugonjwa wa kuambukiza. Hakuwa anaiga mtu. Alikuwa anauza mkaa. Hakujua kuandika, kwa hiyo nilimpaka wino kwenye kidole gumba kutoka kwenye ncha, naye akabonyeza.

Ofisa alizikunja karatasi zote mbili. Hazikumfurahisha, na hakututendea wema. Suruali ikabaki pale. Nililazimika kuivua nyuma ya kabati huku yule mama amesimama mbele yangu kama pazia. Tukahukumiwa kukata majani kwenye uwanja wa komini siku tatu, saa za alasiri. Mwishowe akasema, "Na stilo inabakia hapa. Iko ushahidi."

"Sawa," nikasema. "Basi uandike kwamba umechukua kalamu ya mwalimu, na uweke jina yako na saini. Mkurugenzi ataniuliza kwa nini daftari haikuandikwa."

Aliiinua kalamu yake iliyokauka, akairudisha mezani. Ili kuandika, ingembidi aniombe kalamu. Nadhani tulilifikiria jambo hilo kwa wakati mmoja.

"Toka," akasema. "Tokeni wote wawili."

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Kalamu niliibeba mkononi, ncha juu, na niliingia nayo hivyo darasani nikiwa nimelowa mpaka mifupani. Watoto walikuwa wamekaa kimya. Mmoja wao alikuwa ameandika tarehe ubaoni.

Kabla ya saa sita mkurugenzi aliniita. Habari ilikuwa imemfikia. Alikuwa mtu mwoga lakini hakuwa mbaya. Alifunga mlango na kuniuliza kama nitaivaa tena.

"Nyumbani iko ingine," nikamwambia. "Kesho nitaivaa."

"Usiniambie," akasema. "Mimi sikusikia kitu."

Nilikata majani siku tatu. Yule muuza mkaa alifanya kazi kando yangu akiwa bado amefunga kitambaa changu, na siku ya tatu alikuja na kwanga, mikate ya muhogo, na samaki wa moshi, tukala tumekaa juu ya majani tuliyoyakata, mbele ya dirisha la ofisa. Aliniuliza ule mfuko umeshonwaje. Nilimwonyesha kwa kijiti kwenye udongo: upana wa vidole viwili, kando ya mshono. Akauliza kama kisu kidogo cha kukatia kamba za magunia kingeweza kukaa humo. Nikamwambia kisu kinataka kitambaa kigumu zaidi.

Kwa miaka iliyofuata niliivaa ile ya pili mpaka ikachakaa, na baada yake nikajishonea nyingine. Walimu wawili wa shule yetu walinijia chemba, mmoja baada ya mwingine, nikawachorea mistari ya chaki kama nilivyochorewa. Mara mbili tena nilisimamishwa pale ng'ambo. Mara zote mbili niliomba karatasi niandike mwenyewe.