Kipande Kiko Nyumbani

Baba mkwe wangu hakuwa mjinga. Nalisema hilo mapema, kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki watu humcheka mzee wa watu kana kwamba alikuwa punguani. Serikali ya Mwingereza ilitaka kila mwanamume mzima awe na kipande, ile hati yenye alama za vidole. Sawa. Alikwenda, akachovya vidole kwenye wino, akapewa kipande chake, akarudi nacho nyumbani, akakizungushia ngozi laini ya ndama na kukichomeka juu chini ya paa, pale moshi unapofukuza wadudu. Mbuga nzima haikuwa na kipande kisafi kama kile. Sasa mtu atoke na kitu kama hicho, akitembeze juani, kimdondoke mtoni? Kitu cha thamani hukaa nyumbani. Kwetu sisi wafugaji wa Tana, hayo yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili zake.

Siku ile tuliyokamatwa (aliyekamatwa ni yeye, lakini jasho lilinitoka mimi) tulikuwa tunakwenda Garsen kwa miguu. Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu. Habari zilikuja kwamba mama yangu mzazi ni mgonjwa, na kwetu ni karibu na Garsen, nyuma ya maduka, ndiko nilikokulia na ndiko nilikojifunzia Kiswahili na huu mdomo wangu. Mume wangu na ndugu zake walikuwa mbali na ng'ombe, wanafuata majani. Hapakuwa na mtu wa kunisindikiza. Wanawake walikuwa wanashauriana wamtume nani, mara mzee akasema atanipeleka mwenyewe, na watu wote wakanyamaza.

Walinyamaza kwa sababu kwetu mke wa mtu na baba wa mumewe hawachangamani hivyo. Humtazami usoni, huli mbele yake, husemi naye. Na zaidi ya yote, hulitaji jina lake. Ukilitaja umemvua nguo mbele za watu. Wanawake watakusema kisimani mpaka uzeeke, na ukiwa na bahati mbaya utarudishwa kwa baba yako kwa kukosa adabu. Tena si jina peke yake, hata neno linalofanana na jina huligusi. Jina la mzee, kwa lugha yetu, lilikuwa karibu sana na neno la mvua. Kwa hiyo mimi mvua nilikuwa naiita "ile ya juu". Ile ya juu imenyesha, ile ya juu imekatika, funga mlango ile ya juu inaingia. Masika ya kwanza ya ndoa yangu yalinichosha ulimi.

Basi tuliondoka alfajiri. Mzee mbele, mimi nyuma, na punda wa mizigo katikati kama kadhi. Sasa utasafiri vipi na mtu msiyesemezana? Mzee alikuwa ameshalifikiria hilo. Alikuwa anamwambia punda. Alipaza sauti bila kugeuka, akasema wewe punda, kama umechoka, pale mbele pana kivuli. Punda hakuchoka hata kidogo. Nikakaa kivulini. Nami nikamwambia punda kwamba Mungu ambariki aliyetuonyesha kivuli. Mbele kidogo punda akaambiwa ajihadhari na miiba, akaulizwa kama ana kiu, akaambiwa kwamba mama za watu hawafi ovyo, asihuzunike. Hili la mwisho nililiweka moyoni, kwa sababu kweli nilikuwa nalia na nilidhani hakuna anayesikia.

Jua lilikuwa limepanda tulipofika mahali ambapo njia inaingia Garsen. Hapo alikuwapo askari, amekalia debe. Alikuwa mgeni kutoka bara, kijana mrefu, kaptura imepigwa pasi hadi inasimama peke yake. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Vita vyenyewe vilikuwa huko kwao, mbali na sisi, lakini amri ilikuwa imetufikia: mwanamume akitembea awe na kipande, na askari akikitaka akitoe.

Askari akainuka, akamuuliza mzee kama kipande iko. Mzee Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kile cha kuuzia ng'ombe, lakini swali hilo alilielewa. Akasema iko. Askari akanyoosha mkono akipokee. Mzee akautazama ule mkono, akaushika, akamsalimu vizuri, akamuuliza habari za nyumbani.

Askari akautoa mkono wake. Akasema anataka kipande. Mzee akasema iko nyumbani. Askari akasema kipande lazima mtu atembee nayo. Mzee akafikiri kidogo, kisha akamuuliza kwa upole kabisa:

"Wewe iko na bibi?"

Askari akasema anaye.

"Iko wapi?"

Askari akasema yuko kwao, bara.

"Basi," mzee akasema, na akamvuta punda aende zake.

Wallahi yule askari alisimama pale akitafuta kosa la maneno yale na asilione. Mimi nilijifunika leso nisicheke. Halafu akafanya kama wanavyofanya wanaume wakishindwa kwa maneno, akakasirika. Akashika kamba ya punda, akasema lori ya serikali inapita mchana kwenda Malindi, na kila asiye na kipande siku hiyo anapanda. Kicheko kiliniisha hapo hapo. Jirani yetu mmoja alipandishwa lori lile kwa sababu hiyo hiyo, na aliporudi baada ya miezi alikuwa na kikohozi ambacho hakikumtoka tena. Naye alikuwa kijana. Mzee wangu alikuwa mtu wa mvi, magoti yanamsumbua, hajapata kulala chini ya bati maisha yake yote. Na alikuwa pale kwa sababu ya mama yangu.

Lakini askari hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alipotulia alisema shida yake ni kwamba wasio na vipande humdanganya, kila mmoja humpa jina la jirani yake. Kwa hiyo yeye ana njia yake. Akamchukua mzee pembeni, akamwambia amnong'oneze jina, akaliandika kwenye kitabu chake na kulifunika kwa kiganja. Kisha akaja kwangu akiwa amejaa furaha ya ujanja wake. Akasema yeye atamwamini mzee kama mimi nitataja jina lile lile. Nikilitaja, mzee aende akalete kipande chake polepole. Nisipolitaja, lori.

Akaniuliza huyu mzee ni nani. Nikasema ni baba wa mwenye nyumba yangu. Akaniuliza jina lake nani. Nikatazama chini.

Akasema, kumbe hulijui? Nikasema nalijua. Basi liseme. Nikasema siwezi. Akauliza kama naumwa koo. Nikasema koo zima. Akaona labda namwogopa mzee, akamsogeza mbali zaidi. Nikasema hata ukimpeleka Kipini siwezi.

Nikaona nimsaidie kwa kuzunguka. Nikamwambia jina lake ni kama ile ya juu, ile inayokuja kwenye majani. Akasema nyuki. Nikasema siyo, ile ukiikosa ng'ombe wanakufa. Akasema daktari wa ng'ombe. Nikasema wewe askari una matatizo, ile inayomwagika, inayojaza mto. Akasema, aa, mvua. Nikaruka kwa furaha, nikasema ndiyo, lakini kwa lugha yetu. Akatazama kitabu chake, akanitazama.

"Basi sema kwa lugha yenu," akasema.

Tukarudi pale pale tulipoanzia.

Mara akatokea mwanamke na kibuyu cha maziwa kichwani, anapeleka madukani. Nilimjua, ni mke wa mtoto wa ndugu yake mzee. Askari akaona ameokoka. Akamsimamisha, akamuuliza kama anamjua yule mzee. Mwanamke akasema, namjuaje nisimjue, huyu ni mtu mkubwa, ng'ombe wake wanajulikana, baba yake alijulikana, yeye ndiye aliyesimamia harusi yangu. Askari akafungua kitabu, kalamu mkononi. Anaitwa nani? Mwanamke akafunika mdomo, akageukia upande wa vichaka, akasimama hivyo kama mti, maziwa kichwani.

Askari akavua kofia akajifuta jasho. Akasema amefanya kazi sehemu nyingi lakini hajaona mtu anayejulikana na kila mtu na asiyejulikana na mtu yeyote. Akauliza kama hakuna mwanamume hapa. Wanaume walikuwa na ng'ombe. Akauliza tena kama kuna mtu yeyote katika nchi hii anayeruhusiwa kumwita mzee huyu. Nikamwambia mama yake angeweza, Mungu amrehemu.

Tukiwa katika hayo tukasikia lori. Kwanza mngurumo, kisha vumbi. Mzee naye alilisikia. Akawa ametulia tu amesimama pale alipoambiwa asimame, mikono juu ya fimbo yake. Kisha akapaza sauti, kwa lugha yetu, akitazama masikio ya punda.

"Punda, mwambie asiseme. Mimi ni mzee, nitapanda. Yeye bado ana miaka mingi ya kukaa na watu."

Nikajisikia vibaya, sijui nikuambie vipi. Nilimpenda mzee yule dakika ile kuliko nilivyompenda mwanawe, na mwanawe nilikuwa nampenda. Lori likafika, likasimama, dereva akapiga honi.

Nikalitaja jina lake. Nilitaka kulisema kwa sauti ndogo lakini lilikuwa limekaa kifuani miezi yote ile, likatoka kwa nguvu, hata dereva alichungulia. Yule mwanamke wa maziwa akataka kuziba masikio, akasahau kibuyu. Maziwa yote yakamwagika juu yake, na mpaka leo husema nilimtia hasara.

Askari akatazama kitabu. Akasema ni hilo. Akampungia dereva mkono, lori likaondoka bila mzee, likatuachia vumbi lake. Mimi nilikuwa nimeuma pindo la leso, sina sauti tena hata ya kusema ahsante.

Askari sasa alikuwa mtu wa furaha, kazi imekwenda vizuri. Akasema lazima aandike na shahidi. Akaniuliza jina langu. Nikajaribu, sauti ikakataa. Basi akamgeukia mzee, akamuuliza huyu mwanamke anaitwa nani.

Sasa sikiliza. Yeye hakukatazwa kulitaja jina langu. Mwiko ule ulikuwa wangu, haukuwa wake. Mzee akasema ni mke wa mwanangu. Askari akasema hilo analijua, anataka jina. Mzee akasema ni binti wa fulani, akamtaja baba yangu, akamtaja babu yangu, akaendelea kupanda hivyo mpaka babu wa saba, bila kukosea hata mmoja. Askari akamwambia hao wote hawapo hapa, jina lake huyu aliyesimama. Mzee akatazama chini. Nami nikangoja. Nilingoja kweli, nikijua kwamba atalikumbuka, maana alikuwapo siku ya nikaha yangu na lilisomwa mbele yake.

Hakulijua. Askari akacheka, akaandika "mwanamke mmoja", akafunga kitabu. Akasema si neno, wanawake hawaulizwi kipande, nendeni.

Tukaenda. Mzee akapiga hatua za haraka kuliko asubuhi yote, magoti hayo hayo. Nami nyuma yake nilikasirika. Nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Tulipita maduka, watu wakanisalimu kwa jina langu, mwenye duka la nguo, mama wa maandazi, kila mmoja analijua, na mtu niliyepoteza adabu yangu yote kwa ajili yake anatembea mbele yangu hajui amwiteje aliyemwokoa. Nikasema moyoni, maji yameshamwagika hayazoleki. Nikamwita jina lake. Mara ya pili, bila askari, bila lori, katikati ya njia.

Akasimama kama aliyekanyaga mwiba.

Nikamwambia jina langu. Nilimwambia yeye mwenyewe, si mwingine yeyote, polepole, kama linavyotamkwa kwetu.

Kisha, akiwa bado amenipa mgongo, akalisema kwa sauti ya chini, na akalikosea.

"Siyo hivyo," nikasema.

Akageuka, akanitazama usoni, akarudia.