Wageni Niliorudi Nao kutoka Safari ya Kwaya

Nyumbani kwetu mtu akirudi safari hashiki begi lake. Anayemwona wa kwanza hukimbilia mzigo, wa pili humpa pole, wa tatu huuliza ametuletea nini. Ukilikatalia begi lako, ujue utaonekana umeficha kitu. Ni desturi nzuri na sina ugomvi nayo, isipokuwa siku ile niliporudi na kwaya kutoka Singida, nikiwa na wasiwasi kwamba begini mwangu mna kunguni.

Nasema wasiwasi kwa sababu sikuwa na hakika. Asubuhi ya mwisho kule gesti, mwenzangu wa sauti ya pili aliamka na vipele vitatu mkononi, vimejipanga mstari kama watoto wa chekechea. Ndipo tukafanya kazi ambayo tungepaswa kuifanya siku ya kwanza, kabla hata ya kuvua viatu. Unainua kona ya godoro, unafuata mshono kwa tochi ya simu, polepole, unatafuta vidoa vyeusi kama vile mtu amegusagusa kwa ncha ya kalamu. Vilikuwepo. Na mwenyewe alikuwepo, mwekundu, ameshiba, hana haraka.

"Ndiye huyu?" mwenzangu akasema. "Siku tatu namlisha, hata shikamoo hanipi."

Begi langu lilikuwa limeshinda siku zote hizo chini ya kitanda. Hilo ndilo kosa. Begi la gesti liweke bafuni, juu ya vigae, mbali na ukuta, maana kunguni hana miguu ya kupanda mahali panapoteleza. Wala usione aibu yakikukuta. Kunguni haulizi umeoga lini, anataka damu tu, na damu unayo.

Maneno hayo niliyaamini kabisa. Shida ilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Maji ya Chai, na alikuwa amekuja kwetu Ngarenaro kutuangalizia watoto. Ni mwanamke anayefagia hadi njia iliyo nje ya geti lake, njia wanayopita ng'ombe wa watu wengine. Siku aliyofika, alitundika kikapu chake cha nguo kwenye msumari wa banda la kuku, akakataa kabisa kukiingiza chumbani. "Kiache kipate hewa," alisema. Nikaelewa kwamba chumba changu hakijamridhisha, na nikasafiri hadi Singida na msumari ule moyoni. Sasa nimwingizie kunguni? Tena kesho yake alikuwa anarudi kwake, na mdudu mmoja angeweza kuondoka naye kwenye kanga. Maji ya Chai yote ingejua ametoka nyumba ya nani.

Alinipokea getini, mikono mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Lete begi."

"Asante, mama. Acha tu, ni jepesi."

"Mtu anatoka Singida na begi jepesi?"

Nikazunguka nalo nyuma ya nyumba, nikalitumbukiza kwenye pipa tupu la maji, nikafunika, nikaweka tofali juu. Mume wangu akanifuata kuuliza kulikoni. Nikamnong'oneza, "Nadhani nimerudi na wageni." Nilisahau kwamba dirisha la jiko liko hapo hapo, na kwamba masikio ya mama mkwe hayajazeeka.

"Wageni wangapi?" sauti ikatoka dirishani.

Mtu mwenye akili angesema ukweli hapo. Mimi nikasema, "Sijajua, mama. Labda mmoja. Wanaweza pia wakawa wengi."

"Watakula?"

Mume wangu akatazama upande wa Mlima Meru. "Kula watakula," akasema.

"Na kulala?"

"Hao kitanda ndicho wanachokifuata, mama."

Tukasikia kisu kikimenya ndizi.

Nilikuwa nimesikia kwamba mzigo ukifungiwa juani, joto huwaua. Lakini ulikuwa mwezi wa saba. Meru ilikuwa imejifunika mawingu tangu asubuhi, na pipa langu lilikuwa la baridi kama jiwe la mtoni. Yakabaki maji ya moto. Nikavua nguo za safari bafuni, nikazitia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaenda jikoni kuomba jiko.

"Naomba jiko nichemshe maji ya kufulia, mama."

"Wageni kwanza."

Sufuria kubwa ya ndizi na nyama ilikuwa imeketi motoni, ile tuliyopikia sherehe ya kipaimara. Nikarudi baada ya muda. "Wageni kwanza, mwanangu. Nguo zina haraka gani?" Mara ya tatu nilimkuta sebuleni, ametandaza godoro la akiba na anatafuta shuka safi. Nikaona hapa sasa tunawaandalia makazi.

"Mama," nikasema, "hao wageni ni kunguni."

Alisimama na shuka mkononi. "Kunguni hawa hawa?"

"Hawa hawa. Wako kwenye pipa."

"Nami nimewamenyea mkungu mzima."

Alikwenda jikoni, akaipua sufuria ya ndizi, akabandika maji. Kisha akaongea bila kunitazama. "Wewe ulidhani kikapu changu kinafanya nini bandani? Nilitoka harusini, tukalazwa kwenye magodoro ya kukodi, nikaamka nawashwa. Kila nguo naimwagia maji ya moto ndipo naingia nayo. Ningekuambiaje? Mtu mwenyewe unafagia hadi nyuma ya friji."

"Sasa kwa nini kwa kuku?"

"Kuku hasamehi mdudu."

Tulilifungua begi pamoja uani, juu ya shuka jeupe. Yeye alishika pini, akapita nayo kwenye kila mshono kama anayesoma neno moja moja. Mimi nikachovya sare za kwaya kwenye maji ya moto. Chupa ya asali niliyomletea aliiosha mwenyewe mara mbili. Kunguni alikuwa mmoja tu, amejibanza kwenye zipu ya mfuko wa pembeni.

"Karibu," mama mkwe akamwambia. "Pole na safari." Akambonyeza kwa ukucha wa kidole gumba.

Zile ndizi hatukuzimaliza peke yetu. Tuliwaita majirani wa pande zote mbili, na mmoja wao, akiwa anaongeza sahani ya pili, akauliza leo kuna sherehe gani.

"Tulipata mgeni," mama mkwe akajibu, "ila hakukaa."