Lori Kwenye Foleni ya Mitungi

Kisima changu nilikichimba kwa pesa ya mkokoteni. Shule niliiacha mapema, lakini mifereji ya Nakuru ikikauka, waliosoma na wasiosoma hupanga mitungi mlangoni kwangu. Sheria ni moja: mtungi wako ndio wewe. Uweke kwenye foleni, nenda ukapike, nafasi yako ipo.

Msimu wa maandamano, serikali ilikuwa imeshatuambia haina pesa ya kubadilisha mabomba ya mtaa. Asubuhi moja, ukungu wa ziwa bado umelala barabarani, nikaona lori likija polepole kama ndovu anayetembea usingizini. Jipya, linang'aa, bomba limechomoza juu ya paa. Lori la kumwagia waandamanaji maji. Pesa ya hilo ilipatikana.

"Mzee, tujazie," afisa akasema. "Serikali italipa vizuri."

Nikatazama akina mama waliokuwa kwenye foleni. Watoto wao walikuwa wameshateremka mjini kuandamana, mjukuu wangu wa kike pamoja nao. Maji yangu yaende kuwaangusha hao hao yaliyowalea?

"Foleni inaanzia kule nyuma."

Akacheka, na meno yake nikayaona: ya kahawia kama yangu, kama ya kila aliyekunywa maji ya visima vya hapa tangu utoto.

"Kumbe wewe ni wa hapa," nikamwambia. "Basi sheria ya mtungi unaijua."

Akamgeukia dereva wake. Wakaenda, wakalisimamisha lori nyuma ya mtungi wa mwisho.

Hapo akina mama wakasahau haraka ni kitu gani. Wakasuuza mitungi, wakaisuuza tena.

"Boss, usisukume, hata wewe utafikiwa!" mmoja akamtania dereva.

Maji yakatiririka membamba, ya uvuguvugu wa ardhi hii, mvuke ukipanda taratibu. Jua likavuka mlima Menengai. Nikaona kama siku nzima inamiminika ndani ya mtungi mmoja, na haujai.

Zamu ya lori ilipofika, pampu ilikuwa moto. Nikaizima. Ikichemka lazima ipumzike, haijali nani amekuja. Huko barabarani vijana walikuwa wameanza kurudi, sauti zao zikitangulia.

Afisa akaomba kikombe cha maji. Nikampa.

"Bado yana chumvi ile ile," akasema, akapanda lori lake tupu.

Mjukuu wangu akaingia, nguo kavu, akazishangaa alama za matairi kwenye matope mlangoni.

"Guka, nani alikuwa hapa?"

"Mteja," nikamwambia. "Alichelewa foleni."